Maneno manne ya usiku

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Wewe hupunguzaje msongo wa mawazo wa kila siku?", limenikuta pabaya. Nilikusudia mistari mitatu tu: lala mapema, tembea kwa miguu, punguza kahawa za jioni. Nikajikuta nauliza jingine: huo msongo tunaletewa na nani?

Wangu huja kwa simu. Mwaka jana, saa nne kasoro usiku, mkuu wangu wa kazi aliniandikia maneno manne: "Kesho asubuhi tuonane ofisini." Basi. Salamu hakuna, sababu hakuna. Nadhani aliweka simu chini akalala. Mimi ndipo nikaanza kazi.

Saa tano nilikuwa nimeshapekua barua pepe zote nilizotuma mwezi ule. Saa sita nikakumbuka ripoti niliyoikosea hesabu, ikasahihishwa, tukacheka wote. Usiku ule haikuchekesha hata kidogo. Saa saba nikajifukuza kazi. Saa saba na nusu nilikuwa naandika kichwani barua ya kuomba kazi kwingine, na aya ya pili ilinitoka vizuri kweli.

Nilijaribu tunachoambiwa kila siku: vuta pumzi, hesabu hadi nne, itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Sina ugomvi na elimu yake. Mwili ukihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza, tayari kupigana au kukimbia. Mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, alishaeleza hayo mwaka 1915. Kutoa pumzi taratibu huupoza moyo. Sawa. Lakini wa kupigana naye alikuwa amelala kwake! Nikihesabu hadi nne, najikuta nimehamia kuhesabu akiba ya benki.

Saa tisa nikaamka, nikachomeka pasi. Nikanyoosha mashati matano, mashuka, hadi leso ambazo katika nyumba ile hazijawahi kuonja pasi. Ilikuwa kwenye kola ya shati la tatu (kola unaanzia nchani kuja katikati, la sivyo inajikunja) ndipo nikahisi mabega yameshuka. Sikuwa nahesabu chochote. Pumzi ilikuwa ikitoka yenyewe, polepole, pamoja na mvuke.

Asubuhi nikaingia ofisini, shati limenyooka kuliko mwenye shati. Mkuu alitaka kujua kama tunaweza kubadilishana wiki za likizo.

Mwaka 1967 Holmes na Rahe, madaktari wa Marekani, walitoa orodha ya mambo 43 yanayoulemea mwili, kila moja na alama za uzito wake. Matatizo na bosi yana alama 23, na likizo yenyewe imo, alama 13. Mimi nilizichukua zote usiku mmoja.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa: acheni kutufundisha kupumua, wafundisheni wakubwa kumaliza sentensi. "Kuhusu likizo" tu, ningelala. Nimefika hapo, mori umepanda, nikafungua simu niutafute ule ujumbe niunukuu sawasawa. Nikakutana na wangu wa jana kwa mdogo wangu: "Nikitoka kazini nina neno na wewe." Nilitaka kumuuliza namba ya kiatu. Alijibu papo hapo: "Nimefanya nini tena?"

Ukali umenipungua. Andikeni tu hizo mbinu za pumzi, maana zinasaidia, ingawa nadhani ni za kuzoea mchana ukiwa mtulivu, si za kujifunza saa saba usiku. Mikono ikipata kazi, kichwa hufuata, angalau changu. Ila anayekosa usingizi wiki baada ya wiki asidanganywe na pasi yangu, amwone daktari.

Mdogo wangu nimemwomba radhi. Namba ya kiatu bado hajanipa.