Diu: panga siku zako kwa maji kujaa na kupwa

Wageni wengi wa Diu wanatoka Gujarat, jimbo lililopiga marufuku pombe. Kisiwa hiki kiko pwani ya kusini ya Saurashtra, rasi ya Gujarat, lakini hakimo katika jimbo hilo. Kinatawaliwa na serikali kuu ya India, na makao makuu ya eneo lake yako Daman. Basi Jumamosi watu humiminika ufukwe wa Nagoa, wakanywa, na Jumapili jioni wakaondoka. Ukija nao utaambulia kelele. Ingia Jumatatu, lala mji wa kale karibu na gati, na ukwepe sikukuu za Kihindu za Diwali na Holi, na mwaka mpya, bei za vyumba zinapopaa.

Kisiwa kina kilomita za mraba zipatazo 40, na ncha hadi ncha hakifiki kilomita 15. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 52,074 katika wilaya nzima, pamoja na Ghoghla iliyo bara, ng'ambo ya mkondo. Baiskeli inatosha. Ukikodi pikipiki jaribu breki zote mbili kabla ya kulipa, na usikubali kuacha pasipoti kama dhamana: utaihitaji hotelini.

Kutoka Afrika Mashariki njia rahisi ni kupitia Mumbai, kisha treni hadi Veraval, basi hadi Una, na bajaji au basi kilomita 15 za mwisho. Anayetoka Kenya au Uganda abebe cheti cha homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo ukichomwa wiki moja kabla ya safari bado unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Gesti lazima ikusajili kwa serikali kama mgeni wa nje, na nyingine hukataa kwa sababu hiyo. Piga simu mapema uulize waziwazi. Beba rupia taslimu, kwani malipo ya simu yaliyoenea huko humsumbua mtu asiye na akaunti ya India. Na usitoke na chupa: polisi hukagua mizigo mpakani, na kuingiza pombe Gujarat ni kosa.

Sasa maji. Hekalu la Gangeshwar, kijiji cha Fudam, ni pango dogo miambani lenye mawe matano ya Shiva, mungu wa Wahindu. Wengi hufika wakati wowote, wakakuta mawe makavu au wasiyaone kabisa kwa kuwa yamefunikwa. Uliza saa ya maji kujaa, ufike kama saa moja kabla. Hapo wimbi linapanda juu ya mawe, linayaosha na kurudi, na maua ya waumini yanazungukazunguka kwenye povu. Siku za bamvua ndizo bora, ila ngazi huteleza na viatu huvuliwa.

Ngome ya Diu iendee asubuhi, maana ni mawe matupu yasiyo na kivuli. Wareno walianza kuijenga 1535, ikazingirwa 1538 na 1546 isianguke. Tazama handaki lililochongwa kwenye mwamba, kisha upande wa baharini uone Panikotha, kijingome kilichosimama majini. Baadaye nenda Naida, nje ya ukuta wa mji, mapango yaliyobaki baada ya watu kukata mawe ya ujenzi. Jua likishapanda, mwanga huingia kwa matundu ya juu.

Usiondoke bila kuzungumza na wazee. Mwaka 1686 wafanyabiashara wa Diu walipewa ukiritimba wa biashara kati ya kisiwa chao na Msumbiji: nguo zilikwenda na kaskazi, pembe za ndovu zikarudi na kusi. Familia nyingi zilihamia Msumbiji, na nyingine baadaye Lisbon na Leicester. India ilikitwaa kisiwa kutoka kwa Wareno tarehe 19 Desemba 1961. Wapo pia Wasidi, wenye asili ya Afrika. Nao mhoka wa Nagoa, mnazi-mwitu wenye shina linalogawanyika matawi, ni ndugu wa mkoma wetu. Mtu wa Lamu atautambua kabla hajaambiwa.

Vanakbara, ncha ya magharibi, ni ya wavuvi. Fika alfajiri majahazi yanaposhusha samaki. Juni na Julai uvuvi hufungwa, na bahari ya masika ya huko si ya kuogelea. Novemba hadi Machi ndio wakati mzuri.

Ukiwa na siku mbili za ziada, hifadhi ya Gir yenye simba wa Asia haiko mbali. Kibali huombwa mtandaoni kwa namba ya pasipoti, na hifadhi hufungwa 16 Juni hadi 15 Oktoba.