Kiungulia kikinyamaza, uliza mgonjwa anakulaje

Wadogo zangu mnaoanza zamu chumba cha endoskopi, tunapoangalia tumbo kwa kamera, neno kiungulia mtalisikia hadi mlichoke. Msilichoke.

Mwaka wangu wa kwanza nilimhoji mzee aliyeungua kifua miaka na miaka. Akaniambia kwa furaha, "Mwanangu, siku hizi hata hakinisumbui." Nikaandika "ana nafuu". Mkuu wangu wa zamu hakugusa habari za kiungulia, alimuuliza tu anakulaje. Mzee akatuonyesha kwa mikono: anatafuna mno, anameza, anapiga funda la maji, anasubiri huku kiganja kiko kifuani. Vyakula vikavu alishaviacha, wala hakuona kama ni ugonjwa.

Kamera ilipoingia, umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, ulikuwa umebana kwa chini, kovu la vidonda vya asidi. Juu yake utando wa waridi mpauko ulikuwa umegeuka mwekundu na kupanda kama ndimi. Hiyo ndiyo Barrett, kwa jina la daktari wa upasuaji Norman Barrett aliyeiandika mwaka 1950. Utando huo mpya unafanana na wa utumbo na hauhisi sana asidi, kwa hiyo maumivu yanaweza kupungua huku asidi ikiendelea kupanda.

Msimtishe mtu, lakini. Wengi wenye Barrett hawapati saratani kamwe. Wanaoipata kwa mwaka ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Wa kuharakishwa ni anayekwama chakula, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi.

Ulizeni pia dawa inamezwa saa ngapi. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, humezwa kama nusu saa kabla ya kula, na wengi wanaosema imeshindwa huimeza wakienda kulala. Tena aliyeimeza wiki nzima kabla ya kipimo anaweza kuja na umio uliokwisha kupona michubuko, mkaandika hana kitu. Michubuko ikiwepo, andikeni daraja la ukali, A (kidogo) hadi D (kali kabisa). "Mikali" haimsaidii atakayepima mwakani.

Vinyama vya Barrett, vipande vidogo vya kupimwa maabara, huchukuliwa pande nne, kila sentimita 2, kila ngazi na chupa yake. Andika sentimita za ngazi hiyo kwenye chupa kabla kinyama hakijaingia. Mimi niliwahi kubaki na chupa mbili mkononi zisizo na maandishi, na mgonjwa keshaamka.