Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mbwa wa Jirani

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kwa haraka ya mzazi anayehofia habari ya ugonjwa, kisha kwa utulivu baada ya swala ya alasiri. Unaeleza kwamba tangu yule mzee mlinzi ahamie chumba cha mwisho katika nyumba mnayopanga hapo Isevya, Tabora, kaya sita ndani ya ua mmoja, mbwa wake aliyefungwa kwa mnyororo nyuma ya choo hubweka kuanzia saa mbili usiku hadi karibu na adhana ya alfajiri, na kwamba wiki hii umesimama mbele ya wanafunzi wako mara tatu ukiwa umelala kwa saa mbili tu. Unaniuliza kama umfuate mwenyewe, umshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa, au uhame ingawa kodi ya miezi sita umekwisha kulipa. Mwishoni, kwa sentensi moja fupi, umeandika kwamba wapangaji wenzako wawili wanazungumzia sumu.

Nitaanza na hiyo sentensi fupi, kwa sababu ndiyo iliyoninyima raha. Waambie leo, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba wewe hutakuwa shahidi wa kimya. Sumu ya panya iliyofichwa kwenye kipande cha nyama haimchagui mlaji. Katika ua wenye watoto watambaao, kuku wanaoparua na paka wanaorukia kila jiko, hakuna awezaye kusema nani ataifikia kwanza. Mnyama anayekufa kwa sumu hafi kwa upole, na kumuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai linalowafikisha watu mahakamani. Nimewahi kuitwa kutazama mizoga ya namna hiyo nilipokuwa kazini, na sikusahau hata mmoja.

Sasa nije kwenye swali lako. Katika barua yote umenieleza jinsi kelele inavyokuumiza, lakini hukunieleza mbwa anabweka vipi. Sikulaumu, maana mtu aliyekosa usingizi husikia kelele tu. Hata hivyo naomba, kabla ya kumwendea mtu yeyote, utenge usiku tatu na daftari moja. Andika saa anayoanza, saa anayonyamaza, na kilichokuwa kikitokea uani au barabarani wakati huo. Sikiliza pia namna ya sauti yenyewe. Mbwa anayeonya kwamba kuna mgeni hubweka kwa sauti nzito na kavu, mibweko ikifuatana upesi upesi, na mgeni akishapita hutulia. Mbwa aliyeachwa peke yake hubweka kwa sauti nyembamba zaidi, mbweko mmoja, kimya kidogo, kisha mwingine, na mara nyingi humalizia kwa kulia kwa sauti ndefu. Huyo hana adui anayemwona, anamwita mtu wake. Yuko pia anayeitikia mbwa wa mitaa mingine, akisikika akianza baada yao na kukoma pamoja nao.

Ukumbuke kwamba mnyama huyo anasikia usiku tofauti na unaousikia wewe. Sikio la binadamu mwenye afya hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, ilhali la mbwa hufika karibu 45,000, hivyo panya wanaoitana juu ya mabati kwa milio ambayo wewe huisikii kabisa, kwake ni mazungumzo ya wazi. Tabora nayo ni mji wa njia panda ya reli, mahali ambapo njia ya Mwanza inaachana na hii inayokuja kwetu Kigoma, na mabehewa yanayogongana stesheni usiku huweza kumwamsha mbwa ambaye ungedhani hana sababu. Daftari litakuonyesha kama saa zake zinalingana na treni, na wapita njia, au na kitu kingine.

Mimi hapa nilipo nina dhana yangu. Mwenye mbwa ni mlinzi, anaingia lindo jioni, na mbwa anaanza saa mbili usiku. Hao ni viumbe wawili wanaoachana kila siku saa ileile, mmoja akienda zake na mwingine akibaki kwenye mnyororo nyuma ya choo. Dhana yangu ikiwa sahihi, mzee huyo hajawahi kumsikia mbwa wake akibweka usiku kucha, kwa kuwa yeye anapokuwapo mbwa ametulia. Ninyi mnamwona mtu asiyejali, naye pengine anashangaa kwa nini jirani zake wanamnunia.

Nina sababu ya kukusisitizia jambo hili. Mwaka 1986, kabla hujazaliwa, mimi na mama yako tulipanga chumba Mwanga, hapa Kigoma, na ukuta wa pili kulikuwa na fundi viatu mwenye mbwa mwekundu aliyelia usiku kwa usiku. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha mifugo na kiburi cha cheti. Sikumwendea yule bwana hata siku moja. Nilikwenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, nikalalamika, naye akamwita fundi mbele ya watu wote wa ua na kumkemea kama mtoto. Kesho yake fundi alimchukua mbwa kumpeleka kwa ndugu yake Kibirizi, na alipomfungua ndipo wote tulipoona kwamba kamba aliyofungwa tangu utoto ilikuwa imezama ndani ya ngozi ya shingo, kidonda chote kikiwa kimefunikwa na manyoya. Mbwa alikuwa akilia kwa maumivu. Mimi niliyelipwa na serikali kutazama wanyama nilikuwa nimelala hatua nane kutoka kwake kwa miezi miwili bila kusogea kumtazama. Fundi hakunisalimia tena mpaka tulipohama, na hakukosea. Ndiyo maana ninakuomba uende ukamwone mbwa huyo mchana, kwa umbali wa usalama, uangalie shingo yake, urefu wa mnyororo, kama ana maji na kivuli, na kama nyuma ya choo panakauka.

Ukiwa na daftari lako, mwendee mzee. Usimfuate asubuhi anaporudi kutoka lindo, maana mtu ambaye hajalala usiku kucha hana masikio ya kusikia lawama, na wewe uliyekesha hutakuwa na ulimi wa kuzungumza vizuri. Mngoje kama saa kumi jioni, akiwa ameamka na kula. Kwa kuwa umeniambia umri wake ni kama wa mjomba wako, na wewe ni binti unayeishi peke yako, mwombe yule mama muuza maandazi unayemsifu akusindikize, mzungumze barazani mahali pa wazi, ninyi watatu tu. Msiende kaya zote. Watu sita wakisimama mlangoni kwa mtu mmoja, kwake hilo ni shauri, na atajitetea hata pale ambapo angekubali. Mpe shikamoo yake, muulize habari za kazi, kisha umweleze kwamba hakuna aliyekuja kumkataza kufuga, ila kuna jambo linalotokea akiwa kazini ambalo labda halijui. Msomee saa ulizoandika. Saa zilizoandikwa hazimtukani mtu.

Hapo kuna jambo ambalo lazima nilitaje. Katika ua wenu, kama hapa Ujiji, wako Waislamu wengi wasiopenda mbwa karibu na vyombo na mahali pa kuswalia, na sisi tulio katika madhehebu ya Shafii tunajua kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mimi nimewachanja mbwa kwa miaka mingi na nikaosha mikono yangu hivyohivyo bila kumdharau mnyama wala mwenyewe. Hoja ya twahara ni ya kweli, na mzee anaweza kuombwa mbwa asifike penye ndoo za maji na majiko. Lakini usiichanganye na hoja ya usingizi katika mazungumzo hayohayo. Ukizichanganya, mzee atasikia kwamba kinachochukiwa ni dini yake au yeye mwenyewe, na usingizi wako hautazungumzwa tena.

Yako mambo anayoweza kuyafanya bila gharama kubwa. Mbwa akilishwa ugali wake na kutembezwa hadi achoke kabla mzee hajaondoka, badala ya asubuhi, usiku wake utakuwa mfupi. Asogezwe kutoka nyuma ya choo, mahali ambapo kila anayetoka usiku anamshtua, afungwe karibu na mlango wa bwana wake, au awekwe ndani ya chumba penye hewa na nguo kuukuu yenye harufu ya mzee. Kama kuna upenyo ambamo anaona barabara, uzibwe kwa bati au turubai. Kama ni jike, muulizeni kuhusu siku zake, kwa sababu jike huingia joto takriban kila miezi sita kwa muda wa kama wiki tatu, na wakati huo madume ya mtaa mzima huja kukesha nje ya ukuta. Dawa yake ni kumfunga uzazi kwa daktari wa mifugo. Na kama mzee anafanya kazi mahali panaporuhusu, kwa nini mbwa asiende naye lindoni? Huenda ndilo jambo lililo jepesi kuliko yote.

Mwambieni pia yasiyofaa, maana watu wengi huyafanya kwa nia njema. Ninyi mnapopiga kelele dirishani kumnyamazisha, mbwa anasikia wenzake wakiungana naye. Kumpiga humfanya aogope, na hofu nayo hubweka. Kumfunga mdomo kwa kamba ni hatari kabisa, kwa sababu mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema na kutoa ulimi, na katika joto la Tabora la mwezi wa Oktoba mbwa aliyefungwa mdomo anaweza kufa. Halafu ujiandae kwa jambo moja: siku za kwanza baada ya mabadiliko, kelele huenda ikaongezeka, kwani mnyama aliyezoea kuita huita kwa nguvu zaidi anapoona haitikiwi. Mpe mzee wiki mbili au tatu kabla ya kusema ameshindwa. Katika muda huo hamisha kitanda chako kutoka upande wa dirisha, uweke pazia zito, na umkumbushe mwenye nyumba kwamba kuta zenu hazifiki kwenye mabati. Bila dari, sauti ya nyuma ya choo huingia kwenye paa na kushuka katika kila chumba.

Ikiwa mzee atakataa hata kukusikiliza, hapo daftari litakuwa na kazi nyingine. Litangulie kwa mwenye nyumba, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye anaweza kuwaita nyote wawili na kuwasuluhisha. Afisa mifugo wa kata naye ana nafasi yake, kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji amtunze mnyama wake ipasavyo, na mnyororo mfupi nyuma ya choo unamhusu. Kuhusu kelele zenyewe, ziko Kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Njia hizo ni halali na usione haya kuzitumia. Nakusihi tu zisiwe za kwanza, kwa sababu siku shauri litakapoamuliwa na siku inayofuata mtaendelea kuchota maji kwenye bomba moja.

Kuhama sikushauri kwa sasa. Kodi imelipwa, shule ni karibu, na nyumba utakayohamia itakuwa na jirani pia.

Jambo moja tu ndilo lisilongoja daftari wala saa kumi jioni. Muulizeni mzee kama mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Sauti yake ikibadilika ghafla na kukauka, akitokwa na udenda, akishindwa kumeza, au akianza kung'ata kitu chochote kilicho mbele yake, waondoeni watoto uani na mmwite afisa mifugo saa hiyohiyo. Aking'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo bila kungoja dalili, kwa kuwa dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hana njia ya kupona.

Mama yako amekufungia dagaa, nami nimetia ndani ya kifurushi mkanda mpana wa ngozi wa shingoni, niliokuwa nao tangu siku zangu za kazi, pamoja na mnyororo mrefu. Utaupata mzigo kwa treni. Mkanda huo umpe mzee mwenyewe mkononi, baada ya mazungumzo na si kabla, usije ukaonekana umekwenda na amri. Nawe uniandikie mbwa anabweka kwa sauti gani.

Baba yako