Mwakilishi wa wanafunzi katika kamati ya mipango ya chuo

Ndugu yangu, umeuliza utasikikaje katika kamati ya chuo chenu hapa Nairobi, inayojadili kugeuza bustani ya wanafunzi kuwa maegesho ya magari. Kwanza omba hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na mamlaka ya kamati, kwa sababu kamati nyingi za namna hii hupendekeza tu. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, sera na bajeti huidhinishwa na Baraza la chuo.

Jambo zito zaidi, ambalo naona wawakilishi wengi hulipuuza mno, ni kumbukumbu za mkutano: hoja isiyoandikwa humo haifiki kwenye Baraza, hata kama wajumbe wote waliiunga mkono. Kwa hiyo mpe katibu waraka wa ukurasa mmoja kabla ajenda haijasambazwa, ukieleza ni wanafunzi wangapi hutumia bustani hiyo na kwa saa zipi, kisha uzisome kumbukumbu kwa makini kabla hazijathibitishwa katika mkutano unaofuata. Ukinyimwa takwimu za magari, na chuo ni cha umma, andika ombi rasmi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakipa chuo siku 21 za kukujibu.