Kukojoa sana si kusafishwa figo

SWALI: Daktari, asubuhi mkojo wangu huwa wa njano iliyokolea. Niliuziwa dawa ya maji ya kusafisha figo. Tangu nianze kuinywa nakojoa kila mara, na mkojo umekuwa mweupe. Ndiyo sumu inatoka? Niongeze chupa ya pili?

JIBU: Usiongeze, na hiyo ya kwanza iache.

Mkojo wa asubuhi hukolea kwa sababu usiku ubongo huachia homoni inayozifanya figo zirudishe maji mwilini, ndiyo maana huamki kila saa. Ule unjano ni mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Hapo hakuna cha kutibu.

Wauzaji wa dawa hizi wanaichora figo kama chujio la chai lililojaa machicha. Sivyo. Kila figo ina vichujio vidogo, nefroni, kama milioni moja. Kwa siku, figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha vijirija vya nefroni hurudisha karibu asilimia 99, pamoja na sukari na chumvi mwili unayoihitaji. Kinachosalia, lita 1 hadi 2, ndicho hushuka kibofuni. Dawa ya kukojosha huvuruga huko kurudisha tu: chumvi ikibaki kwenye kijirija, maji huifuata. Kwa hiyo unapoteza maji, chumvi, mara nyingi na potasiamu, huku taka ni zilezile, zimezimuliwa.

Tena kuna mimea yenye asidi ya aristoloki, inayouzwa kama tiba, ambayo huacha makovu kwenye figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. "Ya asili" haimaanishi salama! Na aliyekaushwa maji na dawa ya kukojosha akimeza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo (ambayo mara nyingi ni ya misuli), mshipa unaopeleka damu kwenye kichujio hubanwa, na figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache.

Kapime kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huitoa) na albumini ya mkojo (protini ambayo figo nzima huizuia isipite). Mwenye kisukari au presha avipime kila mwaka hata akijiona mzima, maana miguu huanza kuvimba figo zikiwa zimeumia muda mrefu. Ile chupa ibebe, mtaalamu aone kilichomo, kama lebo yake inataja chochote.