Kabla hujatengeneza apu ya mama aliyejifungua, uliza simu ni ya nani

Mi natokea Masasi, naandika programu za simu, na apu ya kina mama waliojifungua nilianza kuitengeneza mwaka uleule niliopata mtoto wangu wa kwanza. Sababu yenyewe ilinikuta mwilini. Siku ya nne tangu nijifungue kichwa kikaanza kuuma, sio kile cha kukosa usingizi, hiki kilikuwa kinagonga, alafu nikawa naona kama vimulimuli mbele ya macho, mama akasema ni uchovu huo, umeshakandwa vizuri na maji ya moto lala utaamka mzima, na mi nikakubali manake nilivyokuwa najua presha ni ya mjamzito, ukishazaa imeisha. Jirani yetu nesi mstaafu akaja kumwona mtoto, akaniangalia usoni, akasema mwanangu vaa twende zahanati sasa hivi. Presha ilikuwa juu mno. Kumbe presha hiyo, na kifafa cha mimba kinachokuja nayo, vinaweza kumpata mama hata baada ya kuzaa, zaidi zile siku za mwanzo, na hatari haijaisha kabisa mpaka wiki ya sita. Simu janja nilikuwa nayo kitandani, bando lipo, na hakuna kitu ndani yake kilichowahi kuniambia hilo.

Basi nikatengeneza. Kalenda nzuri, rangi nzuri, notifikesheni kila asubuhi. Nikaenda nayo kwenye zahanati moja huko Newala siku ya chanjo, nikakaa kwenye benchi na kina mama, na dada mmoja akaishika akaiangalia vizuri akaniambia, "Nzuri hii, ila simu ya nyumbani kwetu inarudi saa mbili usiku na baba watoto." Wenzie wakaitikia. Wengine wana kitochi, wengine wanaazima kwa wifi, na msimu wa korosho ndo kabisa, simu inashinda shambani au inafuatilia mnada.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, tengeneza kwa ajili ya simu ya nyumba nzima, usitengeneze kwa ajili ya simu ya mama peke yake. Hiyo inabadilisha vitu vingi. Kwanza meseji inayotokea kwenye skrini isibebe siri ya mtu. Sisi tulituma meseji ya uzazi wa mpango, mume akaisoma kabla ya mke, nyumba ikawaka moto, na yule dada ndo alilipia kosa letu. Mambo ya uzazi wa mpango, vipimo vya VVU, vyote hivyo mama avifungue mwenyewe kwa namba yake ya siri akitaka. Na sheria pia inakubana, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya kwenye taarifa nyeti, kwahiyo usichukue kitu ambacho huna kazi nacho. Sisi tulifuta nusu ya fomu yetu ya kujisajili na hakuna tulichokosa.

Pili, kama simu ni ya wote basi waongeleshe wote. Wazazi Nipendeni, ile huduma ya meseji za afya kwa wajawazito na wazazi iliyoanza 2012, ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001 bure, iliruhusu mpaka mwanaume na ndugu kujiunga na ilifanya kazi kwenye simu yoyote, hapo kuna la kujifunza.

Na bibi. Huku kwetu mzazi akiwa ndani ya arobaini mwenye sauti ni mama yake au mkwe wake, huyo ndo anaamua kama mtu anapelekwa hospitali usiku au inasubiriwa asubuhi, sasa we ukiweka apu inayoanza kwa kumwambia bibi mila zako mbaya umeshafukuzwa. Uji wa pilipili manga, supu ya pweza, viache, vina upendo ndani yake. Simama imara pale penye madhara tu: kitovu kisipakwe majivu wala mafuta, mtoto asipewe maji wala uji mpaka miezi sita. Na uyaseme kwa sauti, sio maandishi. Sisi tulirekodi sauti ya mama mtu mzima, mkunga, kila kipande hakifiki dakika moja, vingine kwa Kimakonde, vinakaa ndani ya simu ili hata netiweki isipokuwepo visikike. Mwenye kitochi anabipu, mfumo unampigia, anasikiliza bure.

Arobaini itumie kama kalenda, kila mtu anaihesabu. Mama anatakiwa aonwe ndani ya saa 48, ndani ya wiki ya kwanza, tena siku ya 28 na siku ya 42. Hiyo ya 42 ni siku mbili tu baada ya arobaini, na ndo wiki ya sita ya mtoto ambayo ana chanjo, safari moja watu wawili. Kazi ngumu ni yale mahudhurio ya mwanzo wakati mama bado kafungiwa ndani, hapo ongea na bibi na baba, sio na mama.

Dalili za hatari usizifiche kwenye menyu. Batani moja kubwa, KUNA SHIDA, alafu picha na sauti: damu inalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, kichwa kikali na macho kuona ukungu, uchafu wenye harufu mbaya. Kwa mtoto, hanyonyi, anapumua haraka, kalegea, wa moto au wa baridi sana, kitovu kina usaha. Ukibonyeza chochote hapo apu isianze kukisia ugonjwa, itoe 115, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama, kupiga ni bure. Weka na huzuni pia, mama anayelia zaidi ya wiki mbili au hamtaki mtoto huku anaambiwa ana majini, huyo anahitaji tiba kama wa presha.

La mwisho bado linaniuma. Mama mmoja wa Tandahimba mtoto wake alifariki siku ya tano. Hatukujua. Meseji zikaendelea kwenda, hongera, mtoto wako leo ana wiki tatu, mpaka dada yake akapiga simu analia. Nilizima kwa mkono usiku ule. Siku hizi kila meseji ina njia ya kusimamisha bila kuulizwa sababu, na nesi au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumsimamishia mwenyewe. Lakini hatumwachi, kwasababu damu, presha na maziwa kujaa haviangalii kama mtoto yupo. Anapokea nyingine, tuliiandika na yule jirani yangu nesi, mara kumi tunafuta tunaandika upya: "Pole sana mama. Wewe bado ni mzazi na mwili wako bado unahitaji kuangaliwa. Ukitaka tukuulize hali, bipu namba hii. Usipotaka, tutanyamaza."