Kontrola ya breki za trela: maswali ya kujiuliza kabla hujatoa dola zako

Waswahili wenzangu hapa Dallas wanaoingia kwenye biashara ya magari ya mnada huwa na swali moja wakishanunua trela: "Kontrola ipi ni nzuri?" Yaani kile kifaa cha kwenye pikapu kinachoongoza breki za trela. Wanataka jina la kampuni wakaagize. Mimi huwarudishia swali: trela yako ina breki gani?

Nauliza hivyo kwa sababu si kila trela inahitaji kontrola. Ukikodi trela ya kubebea gari pale U-Haul, breki zake ni za msukumo. Pikapu ikipunguza mwendo, trela inaisukuma kwa nyuma, na msukumo huo ndio unaobana mafuta ya breki kwenye silinda iliyo mbele, pale inapofungwa kwenye pikapu. Hakuna cha kununua. Walioko Uingereza na Ujerumani wanazijua breki hizo, maana trela nyingi za huko zisizozidi kilo 3,500 husimama kwa mtindo huohuo. Lakini ukinunua trela yako mwenyewe Marekani, ile ya futi 18 yenye ekseli mbili, mara nyingi utakuta breki za umeme. Ndani ya kila dramu kuna sumaku. Umeme ukifika, sumaku inang'ang'ania uso wa dramu unaozunguka, inaburutwa nao, inavuta mkono wa chuma, na mkono huo unatanua breki shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani. Umeme ukiwa mwingi breki inakaza, ukiwa kidogo inashika taratibu. Kontrola kazi yake ni kuamua umeme uwe kiasi gani.

Sheria haiko mbali na hesabu hii. Texas inadai breki kwenye trela ya barabara kuu ambayo uzito wake pamoja na mzigo unapita pauni 4,500, yaani kama kilo 2,040. Majimbo mengi yameweka mpaka kwenye pauni 3,000. Trela ya ekseli mbili ikiwa tupu ina pauni 2,000 hivi. Pandisha Toyota 4Runner juu yake, umeshavuka mipaka yote miwili.

Sasa kontrola zenyewe. Ziko za kuhesabu muda na ziko za kupima mwendo. Ya kuhesabu muda haijui wewe umekanyaga breki vipi. Taa za breki zikiwaka tu, inaanza kupeleka umeme, inaupandisha kidogo kidogo hadi kiwango ulichokipanga. Kwenye foleni ya I-35 saa za jioni, unagusa pedali kidogo tu na trela inakuvuta shati. Halafu mtu akikukatia mbele ghafla, wakati unataka kila kitu mara moja, yenyewe bado inapandisha ngazi. Bei yake mara nyingi haifiki dola 100, na ndiyo sifa yake pekee ninayoijua. Kwa trela ndogo ya majani na vifaa vya bustani, sawa. Kwa gari la watu juu ya trela, hapana.

Ya kupima mwendo ina kihisio ndani kinachojua pikapu inapunguza kasi kwa ukali gani, na inaipa trela breki inayolingana. Ukigusa, inagusa. Ukikanyaga kwa nguvu, inakanyaga nawe. Tekonsha Prodigy P3 ni ya kundi hili, na ndiyo utakayoiona kwenye pikapu nyingi. Ina skrini inayosomeka na inaweza kuhudumia ekseli moja hadi nne. Redarc Tow-Pro Elite, ya Waaustralia, ni nzuri kwa asiyetaka kigongo kinachogonga goti, kwani sanduku lake linafichwa nyuma ya dashibodi na kinachobaki nje ni kitufe cha kuzungusha. Nyingi za kundi hili ziko kati ya dola 100 na 250.

Bora kuliko zote ni ile iliyotoka kiwandani na pikapu. Ford walianza kuiweka kwenye Super Duty za mwaka 2005, na wengine wakafuata. Hiyo imeunganishwa na mfumo wa breki za gari lenyewe. Kama bado unatafuta pikapu, tazama karibu na usukani kama kuna kidude chenye alama za kujumlisha na kutoa na vibao viwili vya kubana kwa vidole. Ukikikuta, pesa ya kontrola inabaki mfukoni.

Jambo ambalo maduka hayalisemi sana ni hivyo vibao vya kubana. Kila kontrola ina namna ya kuwasha breki za trela peke yake kwa mkono, bila kugusa pedali. Wengi hudhani ni ya kufanyia majaribio tu. Lakini siku trela ikianza kuyumba, upepo wa Amarillo umeipiga ubavuni au lori kubwa limekupita kwa kasi, ndiyo itakayokutoa. Trela ikiyumba, mguu unataka kukanyaga breki, na hapo ndipo mambo huharibika: pikapu inapunguza mwendo, trela inazidi kuisukuma, mkia unazidi kucheza. Unachotakiwa ni kuachia mafuta, kushika usukani bila kupigana nao, na kubana breki za trela peke yake, taratibu. Trela inavutika nyuma, inanyooka. Nimeliona hilo nikiwa kwenye barabara ya 287, na mkono wangu ulifika kwenye kitufe bila jicho kutoka barabarani.

Kwa hiyo kabla hujalipa, kaa kwenye kiti chako, funga mkanda, shika usukani, kisha peleka mkono wa kulia pale fundi anapotaka kuifunga. Kama lazima uiname, hapo si mahali pake. Ndiyo maana siwashauri wenye kazi ya kila siku kununua zile za kuendeshwa kwa simu, kama Curt Echo. Ni rahisi mno kufunga, unaichomeka tu kati ya plagi ya pini saba ya pikapu na waya wa trela, na kwa mtu anayevuta boti mara mbili kwa mwaka inafaa. Ila kitufe cha dharura kiko kwenye skrini ya simu, na simu hiyohiyo ndiyo inayokuonyesha njia, ndiyo anayokupigia mama kutoka Moshi. (Naongeza tu: trela inayoyumba bila upepo kwa kawaida imepakiwa vibaya. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito inatakiwa ikae mbele, kwenye mpira wa kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya pikapu. Kontrola haitakurekebishia hilo.)

Kuhusu waya, tazama chini ya dashibodi. Pikapu iliyotoka na vifaa vya kuvutia huwa na soketi yake pale. Unanunua waya wa gari lako hasa, unachomeka, imekwisha. Kama soketi haipo, tafuta fundi anayejua, maana waya ni nne na kila mmoja na kazi yake: mweusi wa betri, mweupe wa ardhi, mwekundu wa swichi ya taa za breki, wa buluu wa kwenda kwenye trela. Sumaku moja inakula kama ampea 3, kwa hiyo ekseli mbili ni ampea 12. Usimruhusu mtu akuwekee waya mwembamba wa redio. Na kama trela yako ina breki za disiki zinazosukumwa na pampu ya umeme, uliza kwanza kama kontrola inaelewana nazo, si zote.

Ikishafungwa, ipange ukiwa na mzigo. Tafuta eneo tambarare na kavu, enda maili 25 kwa saa, bana kile kitufe cha mkono. Kama trela haikuvuti, ongeza. Kama tairi zinajifunga na kuburuzika, punguza. Unataka pale chini kidogo ya kujifunga. Ukishusha gari na kurudi na trela tupu, punguza tena, la sivyo tairi zitalia kila taa nyekundu. Watu husahau hilo na tairi ndizo zinazolipa.

Ukiona umeongeza hadi mwisho na bado trela haishiki, usikimbilie kurudisha kontrola dukani. Mwambie mwenzako abane kitufe, wewe inama karibu na gurudumu: sumaku nzima inanguruma, na dira ya simu yako ikisogezwa hapo inageuka. Kama zote nne zinanguruma, angalia breki shuu. Dexter, watengenezaji wakubwa wa ekseli hizi, wanataka breki zisizojikaza zenyewe zikazwe baada ya maili 200 za kwanza, kisha kila maili 3,000. Trela nyingi za mtumba hazijawahi kukazwa tangu zitoke kiwandani.

Na ile waya nyembamba ya chuma inayoning'inia mbele, yenye pini, haihusiani na kontrola hata kidogo. Trela ikikatika kutoka kwenye pikapu, pini inachomoka na betri ndogo ya trela inafunga breki yenyewe. Ifunge kwenye mwili wa pikapu, usiifunge kwenye mpira, wala usiizungushe kwenye mnyororo. Kuijaribu, chomoa pini ukiwa umesimama kisha jaribu kuivuta trela mbele kidogo; magurudumu yanatakiwa kugoma. Irudishe mara moja, kwani pini ikikaa nje betri hiyo inaisha upesi, na itabidi uichaji kabla ya safari.